Blaguna na Shavu Lililokata Simu

Sogeeni, enyi mlioshika visu na enyi mlioshika vikombe! Punguzeni moto chini ya masufuria, wafungieni kuku mlango, mwambieni na aliye bafuni atoke, maana habari inayokuja si ya kusikilizwa nusu. Wako walioimba juu ya wafalme waliobomoa ngome, na majemadari waliovuka mito mipana juu ya farasi weupe. Nao waimbe, hatuwazuii. Sisi leo twamsifu mjane wa uwanda wa Bitola, Blaguna wa Leso ya Mawaridi, Blaguna mwenye vidole visivyoogopa pilipili ya moto, ambaye alisimama peke yake juu ya ngazi ya tatu akapigana na simu yake mwenyewe tangu saa tano hata karibu na saa sita mchana, wala hakurudi nyuma, ingawa mara mbili alitamani kuitupa kisimani.

Ewe pumzi, kaa nasi hadi mwisho, usitukatikie katikati kama ulivyomkatikia yeye.

Vita hivyo vilikuwa na chanzo, na chanzo kilikuwa pilipili. Siku tatu kabla, Blaguna alikuwa akimenya hoho nyekundu zilizochomwa, zile ndefu za Septemba, kilo themanini kwa siku moja, na simu ameitia mfukoni mwa aproni kama kila mwanamke wa kijiji kile afanyavyo. Katika mfuko huohuo akatia hoho mbili zilizotoka motoni, za kuonja baadaye. Akazisahau. Hoho zikalala juu ya simu kama majambazi juu ya mlinzi aliyesinzia. Mvuke ukaipanda, maji mekundu yakaishukia, na kufikia alasiri simu ilikuwa imeiva.

Aliipeleka mjini kwa fundi. Fundi akainusa kwanza.

"Mama, hii umeipika?"

"Sijaipika. Imekaa na pilipili kidogo tu."

"Chumvi umetia?"

"We kijana, tengeneza simu, acha maneno."

Fundi akamwonyesha kitone cheusi juu ya kioo, kidogo kama punje ya mtama. "Unaona hii? Hii ndiyo sensa, yaani kihisi. Ni kama jicho. Ukiweka simu sikioni, jicho linahisi shavu linakuja, linazima kioo, ili shavu lisibonyeze kitu. Sasa limepofuka. Kioo kitabaki wazi, na shavu lako litabonyeza litakavyo."

"Shavu langu lina adabu."

"Tutaona, mama. Sensa nyingine itafika wiki ijayo."

Wiki ijayo! Hivyo ndivyo wanadamu wanavyopanga, na watoto huko tumboni hawaulizwi. Maana Ijumaa alfajiri, katika hospitali ya mjini, mke wa Vancho alijifungua binti. Na nunka wa binti huyo, yaani mama yake wa ubatizo, alikuwa Blaguna.

Katika nchi ile nunka si mtu wa kuja na keki na kuondoka. Jina la mtoto ni lake kulitoa. Si la baba, si la mama, wala si la bibi hata angelia machozi ya beseni. Nyumba ya Blaguna ilikuwa imewapa majina watu wa nyumba ya Vancho tangu enzi za babu wa mababu, na Vancho mwenyewe aliitwa Vancho kwa kinywa cha Blaguna. Yeye hakujaliwa kuzaa. Majina ndiyo aliyoyazaa, na hili la sasa alikuwa amelibeba kifuani miezi tisa, pamoja na mama mtoto, bila kumwambia hata mbuzi wake.

Desturi nayo ilikuwa na masharti. Jina litamkwe, liingie kwanza masikioni mwa wazazi. Wazazi walirudie mara tatu, na kila mara nunka alisikie na kujibu, "Aishi, akue." Mtu mwingine akilisikia kabla, jina limeshachovywa kidole, limeharibika. Tena siku hiyo mama na mtoto walikuwa wanaruhusiwa kwenda nyumbani, na hawakuweza kutoka bila karatasi yenye jina, na karani wa karatasi hizo alikuwa anafunga daftari saa sita kamili. Nunka asiposema kufikia hapo, bibi mzaa baba angesema.

Na bibi mzaa baba alikuwepo papo hapo uani kwa Blaguna, akigeuza pilipili. Huyo ndiye Ristana Sauti ya Kengele, mama yake Vancho, mzito wa kusikia na mwepesi wa kusema, aliyekuja kusaidiana kazi kama wanawake wote wanavyosaidiana msimu ule. Jina alilolitaka halikuwa siri kwa mtu yeyote. Alitaka mtoto aitwe Ristana.

Saa tano na dakika tano, Blaguna alifuta mikono, akafunga leso upya, akapanda ngazi ya roshani hadi ya tatu, kwa kuwa mtandao katika nyumba ile hushika ngazi ya tatu tu. Ya pili hapana, ya nne hapana. Chini yake majiko matatu yalifuka moshi, na wanawake wakanyamaza, visu mkononi, kama jeshi linalotazama bendera ikipanda.

Akapiga. Vancho akapokea.

"Nunka! Tuko tayari! Karani amesimama hapa na kalamu!"

Blaguna akajaza kifua pumzi, akaikumbatisha simu shavuni kwa mapenzi, akafungua kinywa, na shavu lake, shavu la heshima lililobusiwa na maaskofu wawili, likagusa duara jekundu. Simu ikakatika.

"Amesemaje?" Ristana akauliza kutoka chini.

"Hajasema. Nimekata."

"Umekata? Umemkatia mtoto wangu?"

"Si mimi. Ni shavu."

Akapiga mara ya pili. Safari hii alifunika mdomo kwa ncha ya leso, akalitamka jina polepole, kwa uzuri ambao hautasikika tena, halafu akangoja. Kimya. Akatazama kioo: shavu lilikuwa limezima sauti. Jina zuri lote lilikuwa limeenda kwa hewa na nzi wawili.

Mara ya tatu shavu likafungua kamera. "Nunka," akasema Vancho kwa mashaka, "tunaona kama pango, lina nywele. Uko wapi?"

"Hilo ni sikio langu, mwanangu, usilitazame!" Na kwa kuharakisha kulificha akakata mwenyewe.

Mara ya nne, enyi mnaosikiliza, shavu lilifanya jambo ambalo halijawahi kufanywa na shavu. Lilimwita mtu wa tatu. Ghafla sauti nzito ikaingia kati yao.

"Mama Blaguna? Sotir hapa, daktari wa mifugo. Mbuzi ameshazaa?"

"Si mbuzi, daktari, ni mke wa Vancho!"

"Mimi sitibu hao, mama," akasema daktari, akakata kwa adabu, na kila mtu akakatika pamoja naye.

Ilikuwa saa sita kasorobo. Uani Ristana aliweka chini koleo lake, akajishika kiuno, akanena kwa sauti iliyofika hata kwa jirani wa nyuma:

"Nunka, tunakuheshimu sana. Lakini shavu lako lina vidole vingi kuliko mikono yako! Mwachie anayeweza. Chukua simu yangu basi, hii hapa."

Wanawake wakachekea kwenye viganja. Simu ya Ristana waliijua. Ilikuwa imefungwa kwenye sauti ya juu kabisa kwa ajili ya masikio yake, na yeyote aliyempigia alisikika nyua tatu. Vancho angelirudia jina, na kabla hajamaliza lingekuwa limeshafika dukani.

"Asante, shoga," akajibu Blaguna. "Hiyo simu ni redio."

"Basi weka spika kwenye yako!" akasema Dosta, jirani, mwanamke mwema asiyefikiri kabla.

"Spika? Mbele yenu? Si ndiyo redio ile ile?"

"Basi mwandikie ujumbe, dada," akasema Dosta tena.

Hapo Blaguna Mwenye Leso ya Mawaridi alisimama wima juu ya ngazi ya tatu, moshi wa pilipili ukimzunguka kama mawingu yazungukavyo mlima, akanyoosha mkono wenye simu, akawahutubia:

"Sikilizeni, enyi wanawake wa majiko matatu! Jina lililoandikwa kabla ya kutamkwa ni la marehemu wanaobandikwa kwenye nguzo, na picha, na tarehe ya mazishi! Mimi simbandiki mtoto kwenye nguzo siku aliyozaliwa. Nyumba yangu imetoa majina kwa kinywa wakati wa vita, wakati wa theluji iliyofunika milango, wakati mume wangu amelewa harusini. Na leo nishindwe na nini? Na punje ya mtama? Sishindwi!"

"Una dakika kumi na mbili," akasema Ristana.

"Nazijua!"

Akapiga mara ya tano, simu akaishika mbali na uso. Akamsikia Vancho kama inzi ndani ya chupa, na hata angelitamka jina asingejua kama wanalirudia au wanaomba maji, akakata. Akabandika utepe wa gundi juu ya jicho lililopofuka. Kioo kikabaki kinang'aa kwa dharau. Akalipaka rakija, ile pombe kali ya matunda, kidogo kwa jicho, kidogo kwa ujasiri wake. Ujasiri ukaongezeka, jicho halikufumbuka. Dakika zilikuwa zikidondoka. Moyoni aliona karani akifunga kalamu yake kifuniko, na Vancho, kijana mzuri lakini mwenye hofu ya mama yake tangu utotoni, akigeuka na kusema, "Basi, aitwe Ristana."

Wakati huo Dosta, aliyekuwa amechoka kungoja historia, alirudi kwenye kazi yake. Alichukua faneli ya bati, akaitia kwenye mdomo wa chupa, akaanza kumimina mafuta kwa ajili ya kukaangia rojo la hoho. Mafuta yalipita juu kwenye mdomo mpana, yakatoka chini kwenye mrija mwembamba, bila tone kugusa pembeni.

Blaguna akaitazama faneli. Akaitazama tena.

"Dosta, nipe hiyo."

"Ina mafuta!"

"Nipe, mwanamke, kabla sijashuka!"

Faneli ikapaa kutoka mkono hadi mkono, ikipita juu ya majiko matatu na kudondosha mafuta kwenye viatu vitatu. Blaguna akaifuta kwa aproni, akauweka mdomo mpana juu ya sikio lake chini ya leso, na mrija mwembamba akauelekeza kwenye tundu la sauti la simu. Kati ya shavu na kioo palikuwa na shubiri nzima ya hewa. Shavu lilijivuta, likajinyoosha, likatafuta cha kubonyeza. Halikufikia.

"Mama yangu," akanong'ona Dosta, "amekuwa tarumbeta."

Akapiga mara ya sita. Saa sita kasoro dakika nne.

"Nunka!" Sauti ya Vancho ilipita kwenye bati ikatua sikioni, safi kama maji ya kisima, na hakuna mwingine aliyeisikia. "Nunka, karani amevaa koti!"

Blaguna akafunika mdomo kwa leso. Akalinong'ona.

"Kalina."

Ndani ya faneli akawasikia Vancho na mkewe wakisema pamoja, sauti zikigongana, "Kalina."

"Aishi, akue."

"Kalina."

"Aishi, akue."

"Kalina!" Na hapo Vancho alikuwa analia, maana alipenda jina au maana ameokolewa, hilo hajalisema hata leo.

"Aishi, akue," akajibu Blaguna kwa mara ya tatu, na machozi yake mwenyewe yakashuka, yakalowesha shavu lile lenye makosa, naye akaliacha lilowe. Kwa mbali karani aliuliza kama ni kwa K, akaambiwa ndiyo.

Uani hakuna aliyejua. Wanawake waliona tu leso ikitikisika na faneli ikimetameta juani. Ristana akapanda ngazi ya kwanza, ya pili, akasimama akihema.

"Umetoa?"

"Nimetoa."

"Ni lipi?" Akaongeza kwa sauti ndogo, ambayo watu hawakujua kuwa anayo, "Si langu, sivyo?"

Blaguna alimvuta ngazi ya tatu kwa mkono, akamsimamisha pale pale penye mtandao, akauweka mdomo mpana wa faneli juu ya sikio la Ristana, sikio ambalo kwa miaka mingi lilikuwa likipigiwa kelele tu. Akamwambia Vancho, "Mwambie mama yako. Usipige kelele. Sema kawaida."

Ristana akasikiliza. Akakunja uso, akaukunjua. Midomo yake ikalifuata jina kimyakimya, mara moja, kama mtu anayejaribu kiatu cha mwenzake. Kisha mtoto alilia kule hospitalini, kilio kirefu cha hasira, kikapita kwenye bati chote, na Ristana akashika ukuta.

"Kalina," akawatangazia wanawake chini, kwa kengele yake kamili, hata jirani wa nyuma akavua kofia. "Anaitwa Kalina! Lakini sauti, jamani, sauti ni yangu!"

Akaubusu mkono wa nunka kama ipasavyo, mkono uliokuwa unanuka pilipili, rakija na mafuta, na hakuufuta mdomo baadaye.

Basi ijulikane kwa walio hai na kwa watakaozaliwa na kupewa majina: katika mwaka wa pilipili nyingi, siku ya Ijumaa, saa sita kasoro dakika nne, juu ya ngazi ya tatu, Blaguna mjane aliitiisha simu isiyo na jicho kwa silaha ya bati yenye thamani ndogo kuliko sufuria, na nyumba mbili zikabaki nyumba moja. Falme zimewahi kuanzishwa kwa machache kuliko hayo. Rojo la siku ile liliungua chini, kwa kuwa hakuna aliyekuwa analikoroga, na kijiji kizima kililila lote msimu mzima wa baridi bila kulalamika.