Mzizi wa Mama Kwenye Sahani

Jumatatu, 6 Machi 2006. Kitale.
Mzizi umefika kutoka kwa Mama, Myanga! Yeye huuchemsha na kuoshea kidonda chake cha mguu. Anasema unasaidia. Nimemkataza kwenda hospitali mpaka niuthibitishe hapa maabara. Akipona kwa sindano, nani ataamini mzizi wangu? Daktari Jepkemboi, mkubwa wetu, ametangaza kwamba ambaye dawa yake itaua bakteria vizuri zaidi ataandamana naye mkutanoni Nairobi. Kiplangat, mwenzangu wa maabara, anapima unga uliotengenezwa kwa kemikali. Tayari amenunua tai. Tai!

Jumatano, 8 Machi.
Mzizi hulowekwa kwenye spiriti. Spiriti iko kabatini, ufunguo anao Kiplangat. Nimwombe yeye? Kamwe. Nikaenda kwa Phelista, mpika chang'aa, nikachukua ile pombe kali ya kwanza kutoka. Aliniuliza kama nimefiwa. Nikaloweka, nikachovya kikaratasi, nikakilaza juu ya bakteria kwenye sahani ya maabara kikiwa bado kinatiririka. Daktari alisisitiza niweke kando kikaratasi cha kulinganisha, chenye spiriti tupu bila mzizi. Sikuweka. Kupoteza nafasi ya sahani bure.

Ijumaa, 10 Machi.
Ushindi! Bakteria wametanda sahani nzima kama utando juu ya maziwa, lakini kuzunguka kikaratasi changu kuna duara pana, safi kabisa. Duara la Kiplangat ni jembamba, la aibu. Nikampigia Mama simu. Ati mguu umeanza kunuka, si aende tu hospitali? Nikamweleza kwamba hiyo ni sumu inatoka. Akanibariki.

Jumatatu, 13 Machi.
Kiplangat, mtu mbaya yule, alinusa chupa yangu. Akachovya karatasi kwenye chang'aa tupu, akaipanda kwenye sahani yake Ijumaa bila kuniambia. Leo duara ni lile lile! Mzizi alioupika kwa maji, kama anavyofanya Mama, haukuua chochote. Bakteria wamesogea mpaka kwenye karatasi, hawana habari. Daktari hakunifokea. Aliniuliza polepole kama kuna mtu anayeutumia mzizi huo. Nikasema hakuna.

Jumatano, 15 Machi. Bungoma.
Dada yangu Edinah alimpeleka Mama hospitali jana bila kuniuliza. Vidole viwili vya mguu vimekatwa. Mguu wenyewe utabaki, wanasema. Edinah haniongeleshi. Mama naye anawaambia wagonjwa wote, ati huyu ndiye kijana yake, anapimanga dawa Kitale. Nilitoka nje nikalia sana. Nimeapa sitarudia.

Baadaye.
Kwenye kitanda cha pili kuna mama anaitwa Wilkista. Kifua kinamsumbua. Ana majani ya kutoka Suam, anayatafuna, na yananukia vizuri mno. Nimeomba nusu. Safari hii nitaloweka kwa spiriti halisi. Wilkista nimemshauri aache vidonge vya hospitali kwanza, visije vikaniharibia majibu.