Mweupe wa Kwenye Maandishi Tu

Kwako Daktari wa Mifugo, unayeheshimiwa na wanyama wote isipokuwa wangu,

Natumaini u mzima. Mimi nusu nusu. Naandika nimesimama, kwa sababu utakazozisoma hapo chini.

Kama ujuavyo, kazi yangu ni kubeba maharusi kwa gari la farasi. Jike langu ni la kahawia. Nikalipeleka kwa dume jeupe pe, nipate mtoto mweupe wa kupamba harusi ya binti yangu mwezi ujao. Nikatangaza mtaa mzima. Nikamwita fundi wa maandishi, akaandika ubavuni mwa gari: FARASI MWEUPE. Mtoto akazaliwa mweusi ti, kama sufuria ya kuni. Malalamiko yangu ni haya:

1. Majirani wananipa pole kana kwamba nimefiwa. Wanasoma gari, wanamtazama mtoto, wanasoma tena. Kinyozi kanishauri kwa upole nibadilishe herufi chache tu.

2. Nilimshuku mama mtu. Nikaenda kwa muuza mkaa, mwenye dume jeusi, nikamtaka aseme ukweli. Alicheka hadi akashika mlango. Kumbe dume lake lilihasiwa zamani. Sasa nikipita ananiita mkwe.

3. Nikadhani ni uchafu wa kuzaliwa, nikamwosha kwa sabuni. Povu likawa jeupe, mtoto akabaki vilevile. Mama yake akanipiga teke mahali pa kukalia.

4. Wewe ulipokuja, ulimfunua manyoya pembeni mwa macho, ukanionyesha unyoya mweupe mmoja mmoja, ukasema weupe wa baba ameurithi, ila huja na umri, unyoya kwa unyoya, kama mvi. Hata huyo baba alizaliwa mweusi. Daktari, mvi ninazo za kutosha, nazipaka rangi kila wiki. Sikuhitaji kuzifuga!

5. Nikaomba basi mwenye ualbino. Ukajibu kwamba kwa farasi ualbino kamili haujathibitishwa, na wanaozaliwa weupe kabisa ni wa nadra, ngozi yao ya waridi huungua na jua. Uliyasema hayo kama mwenye duka anayeficha sukari chini ya meza.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu mkubwa, ama uziharakishe mvi zake kabla ya harusi, ama uniandikie cheti kwamba huyu ni mweupe aliyechelewa.

Wasalimie wote hapo kwako, mkubwa kwa mdogo, hata yule paka wa mapokezi anayenidharau.

Ni mimi, mteja wako mwenye maumivu,
Mwenye Gari la Maharusi

Nyongeza: Binti yangu ameisoma barua hii kabla sijaifunga. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Aliuliza tu: "Baba, hata angezaliwa mweupe kama pamba, mwezi ujao si angekuwa bado ananyonya? Gari angevuta nani?" Daktari, hilo sikuwa nimelifikiria. Basi litavutwa na jike la kahawia, mtoto atatembea pembeni. Karibu harusini. Ila mama watoto asijue tumeongea: siku ile naondoka na jike kwenda kwa dume, aliniuliza swali hilohilo, nikamwambia mambo ya farasi aniachie mimi.