Saa Moja ya Bure

Jumanne, 3 Juni
Nimejiandikisha! Safari ya hisani ya pikipiki. Kilomita mia tano, kwenda na kurudi, siku moja. Waendeshaji kumi na wawili, wagonjwa kumi na wawili. Atakayerudi kwa wakati, mgonjwa wake anapewa kiti cha magurudumu na wafadhili. Atakayechelewa, mgonjwa wake asubiri mwakani.

Mgonjwa wangu ni shangazi. Ndiye aliyenilea, na miguu yake imelala tangu alipopata kiharusi. Nilimuuliza kiti atakifanyia nini. Akasema mtu akibisha hodi anataka kwenda kumfungulia mwenyewe. Amechoka kupiga kelele kwamba karibu, sukuma mlango.

Sikukusudia kujiandikisha. Nilikwenda kumcheka shemeji, mume wa dada, tarishi, aliyeandika jina kabla ya watu wote. Muuguzi mkuu wa hospitali akaniuliza mbele ya umati iwapo fundi saa kama mimi anajua kuendesha pikipiki. Ningefanyaje?

Jumatano, 4 Juni
Hesabu. Pikipiki yangu ikizidi mwendo wa hamsini hutetemeka kama ina homa. Ukijumlisha na kuzimika kwake njiani na kunyoosha mgongo, nahitaji saa kumi na tatu. Zilizoruhusiwa ni kumi na mbili, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni.

Shemeji alipita dukani kunieleza kwamba yeye atatumia kumi. Sikuwa nimemuuliza. Anasugua spoku zake kwa mswaki.

Alhamisi, 5 Juni
Habari njema kupita kiasi! Mwaka jana waendeshaji waligombana, kila mmoja na saa yake ya mkononi. Safari hii itatambulika saa moja tu, ile ya ukutani kwenye baraza ya wodi, yenye kipande cha shaba kinachoning'inia na kuyumba. Muuguzi mkuu kaniomba niikague. Mimi! Kama fisi amekabidhiwa bucha, basi fisi kapokea kwa heshima zote.

Ijumaa, 6 Juni
Kazi imekwisha. Kijiti kinachoshika ile shaba nimekirefusha kwa waya, upana wa vidole viwili. Kijiti kikirefuka, saa hujivuta. Nimeijaribu dukani, inapoteza dakika tano kila saa. Kwa siku nzima, saa moja ya bure. Tutaondoka kwa wakati wa watu wote, nitarudi kwa wakati wangu.

Wala simdhuru mtu. Wengine watapata viti vyao kama kawaida. Akili ni mali.

Jumamosi, 7 Juni
Alfajiri niliirudisha ukutani, nikaiweka sawa mbele ya muuguzi mkuu. Mlinzi wa lango na mpishi wa wodi wakamleta shangazi kwenye kiti cha plastiki, wakamweka chini ya saa. Akasema habanduki hapo hadi nirudi.

Kwenda, maajabu. Pikipiki haikuzima hata mara moja. Saa sita kamili mchana nilikuwa nimegongewa muhuri kwenye kituo cha kugeuzia. Kwa mwendo ule ningewahi hata bila hila! Lakini saa ya bure ipo, kuiacha ni ubadhirifu. Nikala nikashiba. Nikalala kwenye benchi. Haraka haraka haina baraka. Shemeji tulipishana njiani kabla sijafika kituoni, yeye anarudi. Alinipungia mkono. Maringo tu.

Niliingia langoni saa kumi na mbili na dakika thelathini na tano, nikitabasamu. Hakuna aliyepiga makofi. Nikatazama ukutani. Kumi na mbili na dakika ishirini na saba!

Shangazi alinieleza mwenyewe, kwa furaha. Saa kumi na moja alisikia taarifa ya habari kwenye redio ya mlinzi, akatazama juu, akakuta saa iko nyuma karibu saa nzima. Akapiga kelele. Akasema watu wasije wakadai mpwa wake hajui kazi. Mlinzi akapanda ngazi, akasogeza mishale. Shangazi aliamini amenisitiri.

Nikamwambia asante. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, kama basi kiti hakipo tena. Niliona aibu. Aibu ya kweli.

Jumapili, 8 Juni
Nilikwenda kwa shangazi kukiri kila kitu. Nikabisha hodi. Akapiga kelele kwamba karibu, sukuma mlango. Nikasukuma. Nikamwambia ile saa ni kuukuu. Akakubali, akasema hata jana alimwambia muuguzi mkuu hivyo hivyo, tena kwa ukali.

Wodini nikautoa waya. Sikuutupa.

Jumatatu, 9 Juni
Kumbe jana shemeji aliomba ruhusa kazini, kisha kwa muuguzi mkuu, arudie safari nzima peke yake kwa niaba ya shangazi. Wafadhili wakakubali. Leo kaondoka alfajiri, akarudi saa kumi jioni, mgongo umepinda, mikono haifungi vifungo vya koti. Wodi nzima ikampigia makofi. Hata mimi, kwa kiasi.

Nilimwambia dada kwamba siku hizi watu wanapenda sifa. Wala hakunipa chai.

Jumamosi, 14 Juni
Kiti kimefika. Nilikwenda kwa shangazi, nikabisha hodi. Kimya. Kisha magurudumu. Kisha kugonga kabati, samahani kwa kabati, halafu mlango ukafunguka na shangazi alikuwa pale, anacheka. Nilifurahi sana, naandika waziwazi.

Aliniambia njia ya mwongo ni fupi. Nilishtuka! Kumbe alikuwa anamsema muuza kabati, aliyemwapia kwamba kabati lile halikwaruziki. Akaniombea dua, akanisihi niikague vizuri ile saa kabla ya safari ya mwakani, tarehe sita Juni. Nikaapa nimejirekebisha.

Jioni mlinzi wa lango kaleta redio yake dukani. Kitufe cha sauti kimelegea, kazi ya dakika mbili. Nikaitazama. Nikatikisa kichwa, nikamwambia ugonjwa huu ni mkubwa. Aje aichukue mwakani, tarehe saba Juni.