Nyaya za Kushoto

Jumatatu, 3 Machi
Mkutubi ametangaza leo: kabati la kioo mlangoni pa maktaba litawekwa modeli moja tu iliyoundwa kwa mkono. Itakaa humo mwaka mzima, na jina la fundi chini yake. Uchaguzi Jumamosi.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, daktari wa meno, anapeleka garimoshi. Amehangaika nalo miezi minane. Mimi nimefungua boksi langu leo: ndege ya kizamani, mabawa ya ghorofa, moja juu na jingine chini, katikati nguzo na nyaya. Boksi linasema kazi ya wiki sita. Hiyo ni kwa watu wa kawaida.

Baba mkwe anaishi nasi tangu mama mkwe afariki. Aliliangalia boksi, akapita zake. Alikuwa fundi wa ndege miaka thelathini na moja. Ndege za kweli! Siku hizi akisema maneno kumi kwa siku, mke wangu anafurahi. Sikumwomba ushauri. Jina chini ya kioo ni la mtu mmoja.

Jumanne, 4 Machi
Kiwiliwili tayari! Kidole gumba changu pia tayari: kimegandia kwa gundi kwenye pua ya ndege. Nimekaa hivyo saa nzima nikijifanya nakagua. Mke wangu ni fundi cherehani. Ilibidi aache futi kiunoni mwa mteja aje na dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Mteja akauliza kama mume anaumwa. Akajibiwa hapana, ana shughuli tu. Shughuli! Neno dogo sana kwa uhandisi.

Pua imebabuka rangi. Nitasema ni moshi wa injini.

Jumatano, 5 Machi
Bawa la juu limekaa sawasawa. Ndipo nikasoma ukurasa wa pili: matundu ya nyaya yatobolewe kabla ya kubandika bawa la juu. Nikapasha sindano moto, nikatoboa hivyo hivyo. Tundu la kwanza limetoka kubwa kama harage. Nitasema ni risasi.

Mchana nilikwenda kulipeleleza garimoshi. Liko kliniki kwa shemeji, chumba cha ndani. Nikajifanya jino linaniuma. Akanilaza kitini, akachungulia, akasema kwa masikitiko kwamba kweli limetoboka, na la jirani yake pia. Sindano mbili. Garimoshi lilikuwa nyuma ya kisogo changu muda wote. Nililisikia likizunguka relini. Nilipouliza lina mabehewa mangapi, mdomo ulishakufa ganzi. Akadhani naomba maji.

Alhamisi, 6 Machi
Siku ya nyaya. Ziko ishirini na nane. Uzi wa kawaida una manyoya. Ukiutazama karibu ni kama sharubu. Nikachukua uzi wa mpira wa mke wangu, ule wa viuno vya magauni. Unajikaza wenyewe, hakuna cha kupima. Kufikia saa nne asubuhi mabawa yalikuwa yamesogeleana nchani kama midomo inayotaka kubusu.

Baba mkwe akasimama mlangoni.

"Mwanangu," akasema, "hiyo ndege inaogopa."

Akavuta kiti. Akakata nyuzi zangu zote bila kuomba ruhusa, akafunga za kwake upande wa kulia, nyembamba kama unywele, kutoka kwenye sanduku lake la kazi. Akasema waya hauvutwi peke yake. Ukivuta huu, na ule unaopishana nao lazima uvute. Ziache zigombane mpaka zipatane. Kila waya aliugusa kwa ukucha na kuusikiliza.

Aliongea kwa muda wa saa tatu! Alisimulia ndege ya kunyunyizia mashamba aliyoifunga nyaya upya ujanani, na mama mkwe akimshikia taa. Alijua waya umekaa sawa kwa kumtazama mama mkwe usoni, maana sikio la mama lilikuwa kali kuliko lake. Chumba cha pili cherehani ilinyamaza. Nilichungulia: mke wangu analia. Sijui kwa nini. Labda uzi wake wa mpira.

Saa tatu kwa upande mmoja. Mzee hafai kwa mashindano.

Ijumaa, 7 Machi
Baba mkwe kasema akiamka usingizi wa mchana tutafunga kushoto pamoja. Nikapiga hesabu. Akifunga upande mmoja, kanisaidia. Akifunga pande zote, ndege ni yake. Alipolala nikafunga kushoto mwenyewe. Uzi wa mpira, gundi ya kutosha, nusu saa!

Alipoamka aliitazama ndege, akanitazama mimi. Akasema, "Haya." Akaenda kukaa uani. Alirudi ndani jioni.

Kadi nimeandika: jina langu peke yake.

Jumamosi, 8 Machi
Maktaba ilijaa. Garimoshi lina mabehewa sita na taa. Taa!

Mkutubi alipofika kwangu nikaanza kueleza habari ya moshi na risasi. Upande wa kushoto ukafyatuka. Waya mmoja, halafu wote, kama vifungo vya shati la mtu aliyeshiba. Nguzo moja ikaruka, ikatua kwenye behewa la pili la shemeji. Upande wa kulia haukutikisika. Mkutubi akaugusa waya mmoja, ukalia. Akauliza nani kaufunga. Nilishafungua mdomo. Mke wangu akaniwahi kwa sauti ya kusikika barabarani:

"Baba yangu!"

Mzee akaitwa mbele. Akaeleza. Shemeji akaliacha garimoshi likizunguka, akaja kusimama karibu. Aliniambia hajawahi kumsikia baba yake akisimulia kazi yake.

Ndege imechaguliwa! Imeingizwa kabatini ilivyo, ili watu waone nyaya zinafanya nini. Kadi mpya inasema: nyaya za kulia, baba mkwe; nyaya za kushoto, mimi. Mwaka mzima!

Jumapili, 9 Machi
Baba mkwe amenyoa ndevu. Atafundisha ufundi maktaba kila Jumamosi, na ameniomba niwe mwanafunzi wake wa kwanza. Nimekataa kwa heshima. Mtu mwenye kazi kabatini hakai dawatini.

Isitoshe, nimeanza merikebu ya milingoti mitatu. Ina kamba mia mbili na kumi. Mzee ameuliza nitazifungaje zote. Nimemtuliza. Nitazichora kwa kalamu.