Kompyuta Moja, Skrini Tisa za Stendi

Jumatatu, 4 Agosti

Ushindi! Meneja wa stendi amekubali. Skrini za malango yote manane ya mabasi, pamoja na ya mezani kwangu, jumla tisa, zitaendeshwa na kompyuta moja tu. Yangu. Vile visanduku vya kompyuta vilivyokuwa nyuma ya kila skrini vimekufa kimoja kimoja kama kuku wa mdondo, na hakuna anayetaka kununua vingine. Meneja aliuliza kama kompyuta moja itaweza kweli. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Bi Kipaza, anayetangaza safari kwa kipaza sauti tangu stendi ikiwa uwanja wa vumbi, alikuwa mlangoni anasikiliza. Akasema mshika mawili moja humponyoka, sembuse mshika tisa. Wivu mtupu! Skrini zikiwaka, koo lake litakuwa na kazi gani?

Jumanne, 5 Agosti

Kompyuta ina matundu manne ya skrini. Skrini ni tisa. Hesabu hii sikuifanya jana.

Fundi wa kompyuta kaniokoa kwa adapta za kuchomeka kwenye matundu ya flashi. Skrini ya tano ikawaka. Ya sita. Ya saba. Ya nane! Ya tisa ikagoma, nikaibembeleza, nikaitukana, ikawaka kwa matusi.

Fundi akanionya. Alisema adapta hizi zina wazimu wake: kompyuta ikizimika na kuwaka tena, zinaweza kubadilishana skrini, neno la lango hili likaenda lile. Ikitokea, nizunguke malango yote nihakikishe kwa macho. Nikamjibu ndiyo, ndiyo. Mkuu wa mitambo azunguke juani kama muuza karanga? (Cheo hicho hakijatangazwa bado.)

Alasiri mshale wa kipanya ulipotea. Uliondoka mezani kwangu ukahamia skrini za huko nje. Nimeusaka stendi nzima, nikaukuta lango la saba. Abiria mmoja alikuwa akijaribu kuufuta kwa leso.

Jumatano, 6 Agosti

Mama mkwe amefika. Kesho anapanda basi la Bondeni kwenda hospitali ya macho. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, na miadi ya kupasuliwa la kwanza ameingoja tangu mvua za mwaka jana. Akichelewa, anarudishwa mkiani mwa foleni.

Mke wangu alitaka kuomba ruhusa kazini amsindikize. Nikamwambia ya nini, wakati stendi iko mkononi mwangu? Akasema nimpandishe mwenyewe, nimkalishe kwenye kiti, ndipo nimwachie. Nikaapa.

Kompyuta inachemka kama sufuria ya maharage. Nimeifungua ubavu na kuielekezea feni. Soketi zimejaa, kwa hiyo nikachomoa waya wa kipaza sauti. Meneja kakubali tujaribu siku moja bila matangazo. Bi Kipaza akalalamika bila kipaza. Alisikika mpaka lango la nane.

Alhamisi, 7 Agosti



Asubuhi nilimfikisha mama mkwe lango la tatu. Herufi nilizikuza kwa heshima yake. Akasoma mwenyewe, herufi kwa herufi: BONDENI. Akaniombea baraka. Basi lilikuwa halijafika. Mara skrini zote zikazimika! Stendi nzima ikaguna. Nikamwambia, "Mama, usibabaike. Skrini zikiwaka, panda basi la lango lenye neno lako. Usimuulize mtu, fuata skrini." Nikatimua mbio.

Ofisini nilikuta feni imelala kifudifudi. Nikaisimamisha, nikawasha kompyuta. Zikarudi! Zote tisa! Maneno ya fundi yakanijia. Nikachungulia nje. Jua kali. Nikakaa, nikajimiminia chai kikombe baada ya kikombe, mabasi yakija na kuondoka.

Cha nne sikukimaliza. Bi Kipaza aliingia na simu sikioni. Kondakta wa basi la Milimani alikuwa akiuliza kwa nini nusu ya abiria wake wanadai wanakwenda Bondeni. Kisha simu ikakatika. Huko mlimani hakuna mtandao.

Nikakimbia lango la tatu. Skrini: MILIMANI. Lango la tano: BONDENI. Zimebadilishana! Mabasi ni ya kampuni moja, rangi moja, na kibao cha mbele hata wenye macho mazima hawakukisoma. Muuza maji akaniambia yule mama aliyekuwa akifikicha macho alihamia lango la tano, akapanda wa kwanza kabisa, akisema mkwewe ndiye aliyemwelekeza.

Niliporudi ofisini mke wangu akapiga simu. Sikupokea. Akapiga tena. Nikaigeuza simu kifudifudi, ikaendelea kutetemeka mezani.

Nilitaka kukodi pikipiki nikalifukuze basi. Meneja akasema niketi chini, nimefanya ya kutosha. Bi Kipaza akachukua simu. Akampigia dereva wa Bondeni, aliyekuwa amekaribia njia panda, pale barabara mbili zinapoachana. Akamwambia asivuke. Dereva akasema atangoja kidogo tu, abiria wameshaanza kupiga vioo. Bi Kipaza akamwambia, "Mwanangu, kuna mama wa watu anakwenda kupasuliwa jicho. Ningekuwa mama yako ungeniacha?"

Dereva akasema atangoja.

Wa Milimani hapatikani. Hapatikani. Hapatikani! Kikombe changu kilipoa mbele yangu na meneja akawa anatembea, dirishani, mlangoni, dirishani. Akilini nilimwona mke wangu akifunga virago. Nilimwona mama mkwe kileleni mwa mlima, upepo, mkoba mkononi.

Simu ikalia. Kondakta wa Milimani! Dereva alikuwa amegeuza gari mwenyewe, abiria walimjia juu mpaka akakosa pa kushika. Walikuwa wanateremka. Wakabadilishana abiria pale njia panda. Mama mkwe alifika hospitali dirisha la kuandikisha likiwa linafungwa. Muuguzi akamwingiza wa mwisho.

Nikampigia mke wangu. Hakupokea.

Ijumaa, 8 Agosti

Upasuaji umekwenda salama. Mke wangu yuko huko anamuuguza. Mama mkwe aliomba simu aniambie neno. Akasema, "Mwanangu, asante kwa matembezi. Wengine huenda mlimani kwa gharama." Nyuma yake nilimsikia mke wangu akisema asinichekee, nitaota pembe.

Kipaza sauti kimerudishiwa soketi yake. Bi Kipaza ametangaza tangu alfajiri, kwa madaha. Fundi anafunga visanduku vipya, kila lango na chake. Mimi nimehamishiwa stoo ya mizigo. Huko kuna mzani, kompyuta moja na skrini moja. Meneja kasema moja inanitosha.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimeichunguza ile kompyuta ya mzani. Nyuma ina tundu la pili. Limekaa bure! Wateja wanasukumana kuona uzito kwenye kiskrini kama kiganja, na tundu limekaa bure! Meneja hajui ana hazina gani.

Nyumbani hakuna mtu. Nimeing'oa televisheni ya sebuleni, nikaifunga kwenye shuka, sasa hivi naipeleka stoo. Mke wangu na mama yake wanarudi Jumanne. Nikichelewa kuirudisha, si neno. Mama mkwe atakuwa bado na bandeji, na mke wangu kwa sasa hanitazami, sembuse televisheni.