Orodha Mpya ya Kumshinda Shemeji

Jumamosi, tarehe 4 Machi

Nimeshindwa tena. Miaka kumi na moja sasa, kila Jumamosi alasiri, kwenye meza ileile ya chakula nyumbani kwa dada yangu, na mume wake hajanipa hata nafasi ya kupumua. Askari wetu ni wa plastiki, kimo cha kidole gumba, tunawapaka rangi wenyewe. Kila mtu ana jeshi la pointi elfu moja na huchagua nani aende vitani. Tunawasogeza kwa zamu, tunarusha dadu. Anayekalia kilima mwisho wa zamu ya sita ndiye mshindi. Kilima nilikitengeneza mimi, kwa plasta ya kazini. Natengeneza meno bandia. Shemeji amekikalia tangu siku kilipokauka.

Leo lakini nimeona jambo. Shemeji alikuwa mpima ardhi mpaka alipostaafu, na tepu hajawahi kuihitaji. Hufumba jicho moja, akasema farasi wako wamepungukiwa nusu inchi. Nikipima, nusu inchi kamili. Leo alichukua tepu. Alipima, akaandika, akapima tena palepale. Nikafurahi moyoni. Anayepima mara mbili ana hofu, na wa kuogopwa pale mezani ni mimi peke yangu.

Huu ndio wakati wa kumvamia. Nahitaji orodha mpya ya jeshi.

Jumapili, tarehe 5 Machi

Orodha imekamilika kabla ya chakula cha mchana. Wenye mikuki wote thelathini nimewaachisha kazi. Wazembe. Wapiga mishale pia. Pointi zao nimewapa wapanda farasi ishirini na wanne na mzinga mmoja. Mpango: kupita kulia mbio, na kumfikia Shemeji mgongoni zamu ya pili, kabla hajakaa sawa juu ya kilima. Majoho ya wapanda farasi nimeyapaka rangi ya ufizi iliyobaki kazini. Wakisimama mstari mmoja wanafanana na kibogoyo anayecheka. Adui atababaika.

Mke wangu aliuliza wale wa mikuki wamekosa nini. Nikamweleza udhaifu wa askari wa miguu kwa nusu saa nzima. Akasema aliuliza tu kwa sababu wako ndani ya sufuria yake.

Jumatano, tarehe 8 Machi

Jaribio la kwanza. Mke wangu aliongoza jeshi la Shemeji. Kwa kuwa askari wa Shemeji sina, tulitumia vielelezo vya plasta vya vinywa vya wateja wangu. Sheria nilimweleza mara moja tu. Zamu ya tatu, taya la chini la karani mmoja wa posta lilipanda juu ya mzinga wangu na kutulia hapo. Nikamwambia hairuhusiwi. Akafungua kitabu cha sheria, ukurasa wa kumi na tisa, akanionyesha kwamba inaruhusiwa.

Jaribio hili silihesabu. Taya si askari.

Tulipokuwa tunaondoa vitu mezani aliniuliza kama sijaona Shemeji amebadilika. Wiki iliyopita, alisema, Shemeji alimwita dada yangu kwa jina la mama yake mzazi, mara mbili, na dada akaitika tu. Nikamwambia mtu mzima yule, majina humchanganyikia. Ila pembeni ya orodha nimeandika: adui ana mawazo mengi, apigwe haraka.

Ijumaa, tarehe 10 Machi

Jaribio la pili, dhidi ya mfamasia. Duka lake la dawa limepakana na karakana yangu, na saa ya mapumziko hucheza nami. Mtu mwangalifu mno. Hurusha dadu kana kwamba anapima dawa ya kitoto kichanga. Alipanga wenye mikuki mstari mmoja, akangoja. Farasi wangu ishirini na wanne wakaenda mbio moja kwa moja mpaka kwenye mikuki. Hata chai yake haikuwa imepoa, wamebaki watatu.

Alinishauri kwa upole niwarudishe askari wa miguu. Farasi hawa wanajua kufika, alisema, lakini hawajui kukaa. Nikamshukuru. Sitamrudisha hata mmoja. Wivu ule.

Tukiwa tunakusanya askari, alisema Shemeji alipita dukani juzi kuchukua dawa, na baada ya saa moja akarudi kuchukua dawa ileile. Kisha akauma ulimi, akasema hakupaswa kulisema hilo. Nimeelewa kila kitu. Shemeji anasingizia dawa ili achungulie karakana yangu. Ananipeleleza. Nimewafunika farasi kwa taulo.

Jumamosi, tarehe 11 Machi

Siku ya vita. Jasho jembamba linanitoka hata sasa ninapoandika.

Shemeji aliacha kilima wazi. Kitupu. Hajawahi kufanya hivyo. Kikosi chake bora alikipanga kwenye ukingo wa meza, nyuso zimeelekea ukutani, migongo kwangu. Nilitazama migongo ile mpaka macho yakaniuma. Ni mtego, lakini mtego gani? Katikati ya zamu ya pili aliniuliza wale wa bluu ni wa nani. Nikamwambia ni wako, Shemeji. Akasema, vizuri, wamepakwa vizuri.

Nilikuwa nimesoma kwamba majemadari wakubwa huvuruga akili ya adui kwa maswali. Sikuthubutu kusogea. Zamu sita nzima farasi wangu walisimama palepale wakicheka bila meno, na kilima kikabaki bila mtu. Sare. Sare yetu ya kwanza katika miaka kumi na moja, na sijui niliipataje.

Dada alileta chai. Alichukua mkono wa mumewe na kuushikisha kikombe, kidole kimoja kimoja. Mapenzi ya uzeeni. Nikageuka nisiwatazame.

Jumapili, tarehe 12 Machi

Nimeipa jina: Mbinu ya Kutazama Ukuta. Kitabu kizima cha sheria nimekipekua, haimo. Ameibuni mwenyewe. Nimeandika orodha ya pili ya kuizima: farasi haohao, ila nusu yao wapite kushoto. Mke wangu alisoma, akairudisha mezani, akatoka nje kwenda kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Jumanne, tarehe 14 Machi

Dada alikuja karakana leo. Hajawahi kuja. Alikaa kwenye kiti cha wateja, mkoba mapajani, na nikadhani jino linamsumbua. Nikamwambia afungue mdomo.

Akasema, "Mdogo wangu, nimechoka kuficha."

Mwaka mzima sasa. Daktari aliwaambia kwamba kumbukumbu ya Shemeji inakwenda na hairudi. Kuna siku nzuri na siku mbaya, na zile nzuri zinazidi kuwa chache. Asubuhi moja Dada alimkuta amesimama bafuni na kiatu mkononi, hajui ni cha kufanyia nini. Mwisho wa mwezi huu wanahamia kwa binti yao mkubwa, safari ya siku moja na nusu kwa basi, kwa sababu Dada peke yake hawezi tena kumtazama.

Nikauliza kwa nini sikuambiwa. Alisema ni Shemeji mwenyewe aliyekataza, tangu siku ile walipotoka kwa daktari. Alimwambia, usimwambie shemeji yangu, ataanza kuniachia nishinde.

Nilishika taya la plasta nikaanza kulisugua, na lilikuwa safi.

Ana ombi moja tu. Jumamosi nije kama kawaida, nisioneshe kwamba najua, na nimwachie ashinde. Mara ya mwisho. Nikaahidi.

Alhamisi, tarehe 16 Machi

Siku mbili nimekuwa nikiandika orodha ya kushindwa. Sikujua kama ni kazi ngumu hivi. Miaka kumi na moja nimeshindwa bila juhudi yoyote, na leo nimekaa na karatasi nne kichwa kinaniwanga. Nikipunguza farasi wengi atashtuka. Nikiwarudisha wenye mikuki, huenda kwa bahati mbaya wakapigana. Mwishowe nimeacha farasi walewale na kukusudia kuwaongoza vibaya. Mke wangu alisema hilo nitaliweza. Hakuwa anatania.

Jumamosi, tarehe 18 Machi

Niliandaa kila kitu kwa ajili ya kushindwa. Mrengo wa kulia niliuacha wazi. Mzinga niliuelekeza kwenye kabati la vyombo. Wapanda farasi kumi na wawili niliwapanga kando ya kilima kitupu, nikasema basi, siwasogezi.

Shemeji alianza vibaya. Alisogeza kikosi changu badala ya chake, nikajifanya sikuona. Dada alikuwa amesimama mlangoni na sinia, haingii, hatoki.

Zamu ya nne alitulia. Aliinama mpaka kidevu kikakaribia meza, akafumba jicho moja. Tepu ilikuwa karibu na mkono wake, hakuigusa.

"Farasi wako wanafika kileleni," akasema. "Wana inchi moja ya ziada. Mbona husogei?"

Nikasema sikuona.

"Umeona. Miaka yote hii uliona hata pasipo na nafasi, ukaenda hivyohivyo." Akanitazama, na alikuwa yeye, yeye mzima. "Amekwambia."

Dada alikuwa analia bila sauti, vikombe vinagongana kwenye sinia.

"Basi sogeza," akasema. "Usinivunjie heshima kwenye meza yangu."

Nikasogeza. Nikapima: inchi moja kamili. Nikarusha dadu za kupanda kilima nikiomba zitoke moja moja, zikatoka sita tupu. Kilima kikawa changu mpaka zamu ya sita ikaisha. Kwa mara ya kwanza maishani nimemshinda Shemeji, na papo hapo nikaangusha farasi wawili.

Akasimama, akanipa mkono. Alisema umepiga vizuri. Miaka kumi na moja nilikuwa nimeandaa hotuba ya siku hii, lakini nilishika tu mkono ule.

Kisha akakaa. Akatazama meza, askari waliolala na waliosimama, akaniuliza tunaanza saa ngapi.

Nikasema sasa hivi, Shemeji. Nikapanga upya wote, wake na wangu.

Jumamosi, tarehe 25 Machi

Wameondoka. Lori la mizigo lilitangulia na meza ya chakula ikiwa juu chini, miguu hewani. Nilimsindikiza Shemeji mpaka kwenye basi, nikamkalisha karibu na dirisha. Aliniuliza kwa adabu kama mimi ndiye dereva. Nikasema hapana, mimi ni shemeji yako, kaka yake mkeo. Akasema amefurahi kunifahamu.

Boksi la askari wake Dada amelipakata. Alisema Shemeji hakubali kulala bila kuliona.

Nilirudi kufunga nyumba. Pale sakafuni meza imeacha alama nne. Nilisimama upande wangu kwa muda, halafu nikaenda karakana, nikawasha mashine ya kusagia meno bila jino lolote, nikalia humo kwenye kelele ili mfamasia asinisikie. Baadaye alileta chai, akaiweka, akaondoka bila kuuliza.

Jumapili, tarehe 26 Machi

Nimewaza tangu asubuhi. Ushindi ule haufai kuhesabiwa. Aliniamuru nisogee. Jemadari gani humwamuru adui asogee? Kuna kitu alikuwa anakipanga, na mimi nikaingia kichwakichwa.

Orodha ya tatu iko tayari. Wapanda farasi ishirini na sita. Askari wa miguu hakuna. Nimeshaomba likizo ya wiki moja mwezi ujao, na kilima kinaenea kwenye begi kikifungwa kwa blanketi.

Mke wangu alikuja akakaa kando yangu. Aliniwekea mkono begani, akaniambia taratibu kwamba tukifika huko huenda Shemeji asinijue kabisa.

Nimelifikiria hilo pia. Miaka kumi na moja amekuwa akisoma mbinu zangu usoni pangu kabla sijagusa farasi hata mmoja. Kama hanijui, basi na mbinu zangu hazijui. Sijawahi kupata nafasi nzuri kama hii.