Vita vya Jumatano, Kutoka Uani Hadi Geti la Shule

Enyi wenye masikio, nanyi mlioyaazima, sogeeni! Sufuria na iungue, mtoto na alie kidogo, kwani leo anatajwa Mshika Stoo, Jemadari wa Usukani, mgane asiyejua kusuka nywele wala kukunja soksi, lakini vitani hakurudi nyuma ila mara moja, na hiyo ndiyo habari yenyewe.

Nyumba tatu zilikuwa zimefunga ahadi: kila moja na siku zake za kupeleka watoto wote shule. Enzi za marehemu mkewe, zamu ya Jumatano ilikwenda yenyewe kama mto. Mola alipomtwaa, usukani ukamwangukia Mshika Stoo, naye mara mbili akafungiwa geti puani. Ndipo Mama Mwenyekiti, mkuu wa zamu aliyejichagua mwenyewe, kama wakubwa wote, akatoa tamko:

"Shemeji, ya tatu nakukata jina. Kila mtu abebe wake."

Naye Mshika Stoo hangeweza kumbeba mwanawe kila siku, maana stoo ilimtaka saa kumi na mbili, isipokuwa Jumatano. Jina likikatwa, binti yake wa darasa la pili atavuka barabara kuu peke yake.

Ikapambazuka. Watoto wakatupa mabegi kwenye buti, ndiyo desturi, na Jemadari, aliyehesabu magunia miaka thelathini, akahesabu kama ajuavyo. "Manne! Mzigo umetimia!" Gari likanguruma, likakohoa, likaenda.

Walikwisha kuuvuka mtaro, ule waliouchimba wakubwa wa mji, wakapigwa picha na sepetu, wasirudi kuufukia hata leo, binti yake aliponena:

"Baba, Pengo yuko wapi?"

"Begi lake lipo."

"Kwani begi ndilo linalosoma?"

Loo! Pengo, mtoto wa Mama Mwenyekiti mwenyewe!

"Alienda chooni," wakasema pacha wa nyumba ya tatu.

"Mbona hamkusema?"

"Hukuuliza, mzee."

Jemadari akageuza gari kama ageuzaye jeshi zima. Akamkuta Pengo kibarazani, anatafuna mkate bila haraka ya dunia.

"Nilidhani umenisusa."

"Panda, malkia. Tutasusana jioni."

Safari hii akahesabu vichwa, kimoja kimoja, kwa kidole. Dakika kumi na moja zimebaki geti lifungwe, saa moja na nusu kamili. Na mtaroni, lahaula! lori la maji limenasa, foleni imelala kama chatu aliyeshiba.

Akakata kushoto, akaingia uwanja wa kiwanda cha mbao.

"We mzee! Unakwenda wapi?" akafoka fundi wa msumeno.

"Napeleka elimu! Nipishe, nisije nikaandikwa vibaya!"

Fundi akacheka, akasogeza gogo. Unga wa mbao ukapanda kama vumbi la farasi elfu, pacha wakapiga vigelegele, na gari likatokea upande wa pili, jeupe kuliko lilivyopata kuoshwa.

Mlinzi alikuwa keshashika geti.

"Mzee wa stoo, umechelewa tena."

"Saa yako inasemaje?"

"Moja na ishirini na tisa."

"Basi hiyo dakika ni mali ya umma. Ondoa mkono!"

Wakaingia. Wote wanne. Mama Mwenyekiti, aliyesimama pale kushuhudia anguko la Jemadari, akamtoa bintiye unga wa mbao nyweleni, akalitazama gari, akamtazama dereva.

"Mmepita wapi, Shemeji?"

"Palipopitika."

Mama Mwenyekiti akakung'uta unga viganjani. "Haya. Jumatano ijayo, zamu yako."

Basi na iandikwe, na wajukuu wasomewe: siku ile jeshi la wanne liliingia ngomeni likiwa zima, huku mwalimu mkuu, mtunzi wa sheria ya geti, akifika saa tatu na kufunguliwa kwa saluti. Na binti wa Mshika Stoo alipunga mkono bila hata kugeuka, kama mtoto asiye na shaka kwamba kesho naye atapelekwa.